Ukweli wa Kunong'ona: Barua za Thomas Jefferson Baada ya Kustaafu

Muhula uliopita, katika somo la uandishi wa barua, tulipewa kazi ya kusoma barua za viongozi wa nchi waliokwisha kutoka madarakani. Wengi wetu tulimchagua Thomas Jefferson, Rais wa tatu wa Marekani, kwa sababu moja rahisi: barua zake ni nyingi na zinapatikana bure kwenye intaneti. Mjadala ulipofika, mwenzetu mmoja alisimama akasema maneno ambayo sijayasahau. Alisema kwamba hadharani Jefferson alifungwa mikono na siasa, lakini katika barua zake za uzeeni tunauona moyo wake halisi. Kwamba humo aliulaani utumwa bila kificho. Na kwamba kwa ajili ya barua hizo tumsamehe makosa yake na kumheshimu kama mzee mwenye hekima. Darasa lilipiga makofi. Kipindi kikaisha kabla sijapata nafasi ya kusema. Insha hii ni jibu langu kwake, na kwa wote waliopiga makofi siku ile.

Nasema kwamba barua zile hazimtetei Jefferson. Zinamshtaki. Kiongozi aliyestaafu hana tena kura ya kuomba wala cheo cha kupoteza. Akiujua ukweli, akauandika kwa rafiki mmoja mmoja, na mbele ya watu akanyamaza, huyo hakuusema ukweli. Aliuweka akiba. Na akiba hiyo haikuwafaa waliokuwa wakiuhitaji. Imemfaa yeye mwenyewe, kwa kuwa leo, miaka 200 baadaye, bado kuna darasa la kumpigia makofi.

Kwanza tuweke msingi. Jefferson alimkabidhi urais rafiki yake James Madison tarehe 4 Machi 1809, akarudi nyumbani kwake Monticello, katika jimbo la Virginia. Aliishi miaka 17 zaidi, hadi tarehe 4 Julai 1826, na katika miaka hiyo hakushika tena cheo chochote cha taifa. Kazi yake ya kila siku ilikuwa barua. Mwaka 1822 alimweleza John Adams, rais aliyemtangulia, kwamba alihesabu barua alizopokea katika mwaka 1820 peke yake akakuta ni 1,267. Kifundo cha mkono wake wa kulia kilikuwa kimevunjika tangu alipokuwa balozi Ufaransa, na uzeeni kuandika kulimwumiza sana. Hata hivyo aliendelea kujibu. Hilo nalikubali, na sitaki mtu aseme kwamba nilimficha.

Barua hizi tunaziita za binafsi. Lakini tuangalie zilivyoandikwa na zilivyosafiri. Jefferson alikuwa na chombo chenye kalamu mbili zilizounganishwa: alipoandika kwa kalamu moja, ya pili iliandika maneno yaleyale kwenye karatasi ya pembeni. Barua ilipotumwa, nakala ilibaki nyumbani. Tena alikuwa na orodha ya barua zilizotoka na zilizoingia, aliyoitunza kwa miaka mingi. Na mwaka 1809, alipokuwa ametoka tu madarakani, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kumwondolea malipo ya posta. Umma ulibeba gharama hiyo kwa heshima ya cheo alichokuwa nacho.

Mtu anayetaka neno lake life na rafiki yake haweki nakala. Anayeweka nakala kwa mpangilio, mwaka baada ya mwaka, anajua kwamba siku moja zitafunguliwa. Jefferson alijua tutasoma. Kwa hiyo tusiseme alikuwa akifungua moyo kwa siri. Alikuwa akizungumza na sisi, wajukuu wasiomjua, huku akiwapita watu waliokuwa wakilima shamba lake.

Sasa tuje kwenye barua inayosifiwa kuliko zote. Tarehe 31 Julai 1814 kijana wa Virginia aitwaye Edward Coles, aliyekuwa katibu wa Rais Madison, alimwandikia Jefferson. Coles alikuwa amerithi watumwa kutoka kwa baba yake, na dhamiri ilimkataza kuendelea kuwamiliki. Hakumwomba Jefferson fedha. Alimwomba jina lake: kwamba mtu aliyeandika Azimio la Uhuru la mwaka 1776 asimame na kuongoza mpango wa kuuondoa utumwa polepole katika Virginia, kwa kuwa neno lake lilikuwa na uzito kuliko la mtu mwingine.

Jefferson alijibu tarehe 25 Agosti. Hapa ndipo mwenzangu alipochota nukuu zake, na kweli maneno ni mazuri. Mzee anakiri kwamba haki na mapenzi ya nchi vyote viwili vinawatetea watumwa. Anaona ni aibu kubwa kwamba wamedai kwa muda mrefu bila kusikilizwa. Anasema saa ya ukombozi inasogea. Kisha anafika kwenye ombi lenyewe, na analikataa. Anasema ni kama kumwambia Priam, mfalme mzee wa Troy, avae silaha za vita za Hector. Kazi hii ni ya vijana. Yeye amebakiwa na sala tu. Zaidi ya hayo, anamshauri Coles asiwaache watu wake wala asiihame Virginia, bali abaki, awalishe na kuwavisha vizuri, na kuyaeneza mawazo yake taratibu.

Darasani tuliishia hapo. Hatukusoma barua iliyofuata, nayo ndiyo inayouma. Tarehe 26 Septemba Coles aliandika tena, kwa adabu yote ya kijana anayemjibu mzee. Alimkumbusha habari za Benjamin Franklin, ambaye alifanya kazi nzito za umma akiwa ameshaupita umri wa Jefferson, na ambaye Pennsylvania ilimshukuru kwa kuanza mapema kuachana na utumwa. Kwa maneno mengine: mzee wangu, umri si sababu. Kijana huyo hakubaki kusubiri sala. Mwaka 1819 aliihama Virginia kwenda Illinois, akawaacha watu wake huru na kuwapa ardhi. Mwaka 1822 alichaguliwa gavana wa jimbo hilo, na mwaka 1824 alikuwa mstari wa mbele katika mapambano ya kuzuia utumwa usihalalishwe huko. Utumwa ulishindwa katika kura ile. Coles hakuwa na jina kubwa, ila alikuwa tayari kuhama.

Je, Jefferson alikuwa kweli mzee asiyejiweza? Mwaka 1814 alikuwa na miaka 71. Baada ya hapo alianzisha Chuo Kikuu cha Virginia, ambacho kilipata sheria yake mwaka 1819. Alichora ramani ya majengo, akatafuta fedha kutoka bunge la jimbo, akapanga masomo na vitabu, na kwa yote hayo aliandika barua baada ya barua kwa watu wenye mamlaka. Chuo kilipofunguliwa Machi 1825 alikuwa amebakiza mwezi mmoja tu kutimiza miaka 82. Mzee huyu hakuwa amechoka. Alikuwa na nguvu za kushawishi, kusumbua, kuomba na kurudi kuomba tena. Alichagua tu mahali pa kuzitumia. Na sisi wanafunzi, tunaofaidi vyuo vikuu, tusiwe wepesi wa kusema kwamba alichagua vema, maana matofali ya chuo kile yalibebwa na watumwa.

Kuna ushahidi mwingine, nao ni mzito zaidi. Jenerali Tadeusz Kościuszko, Mpolandi aliyepigana upande wa Marekani katika vita vya uhuru, alimwachia Jefferson wosia mwaka 1798. Alitaka mali yake iliyokuwa Marekani itumike kuwanunua watumwa, hata wa Jefferson mwenyewe, kuwapa uhuru na kuwafundisha kazi za mikono. Marafiki hawa wawili waliendelea kuandikiana, na katika barua ya Septemba 1817, muda mfupi kabla ya kufa kwake, Kościuszko alimkumbusha tena juu ya fedha zile. Alipofariki, Jefferson alikataa kuwa msimamizi wa wosia. Sababu aliyotoa ni ileile: umri. Ni kweli kwamba mambo ya wosia yalikuwa na utata, kwa kuwa watu wengine pia walidai mali hiyo, na kesi iliendelea kwa miaka mingi. Lakini tafakari, msomaji: hapa hakuombwa kutoa chochote. Fedha zilikuwa za mtu mwingine, na zingeweza kuingia mfukoni mwake mwenyewe, yeye aliyekuwa amezama katika madeni. Bado alirudi nyuma. Sala zilibaki, fedha zikaenda kwa wanasheria na mwishowe kwa warithi.

Wapo watakaonielekeza kwenye barua alizoandikiana na John Adams, ambazo watu huzitaja kama kilele cha urafiki wa wazee. Wawili hao walikuwa wamegombana kisiasa na kukaa kimya miaka mingi, mpaka daktari Benjamin Rush alipowapatanisha, na Adams akaandika tarehe 1 Januari 1812. Tangu hapo hadi mwaka 1826 waliandikiana barua zaidi ya 150. Nazipenda barua hizo. Wanazungumzia vitabu vya Kiyunani, dini, uzee, kifo cha mke wa Adams, swali la nani astahili kuongoza. Lakini hesabu mara ngapi marais hawa wawili wastaafu wanalikabili jambo lililokuja kuipasua nchi yao vipande. Ni mara chache mno. Februari 1821 Adams alimwandikia kwamba kwa nusu karne ameuona utumwa ukining'inia juu ya nchi kama wingu jeusi, na kwamba alikuwa akiwaachia mabwana wa kusini shauri hilo. Adams hakuwahi kumiliki mtumwa, na bado akasema anawaachia wao. Mabwana wa kusini, kama tulivyoona, walikuwa wakiwaachia vijana. Kila mmoja alimpasia mwenzake mpira, na mnyororo ukabaki shingoni mwa mtu ambaye hakuandikiwa barua.

Halafu kuna barua ya tarehe 22 Aprili 1820 kwa John Holmes, mwanasiasa kutoka Massachusetts. Nchi ilikuwa ikigombana kuhusu Missouri: je, jimbo jipya liruhusiwe kuwa na utumwa? Jefferson aliandika kwamba ugomvi ule ulimshtua kama kengele ya moto usiku, na akaufananisha utumwa na mbwa mwitu aliyeshikwa masikio: huwezi kuendelea kumshika kwa usalama, wala huwezi kumwachia. Walimu wengi huisifu tamathali hiyo. Mimi nauliza swali la mwanafunzi wa fasihi: katika picha hiyo, mbwa mwitu ni nani? Ni mtu aliyefungwa. Na anayehurumiwa ni nani? Ni yule aliyemshika masikio. Tena katika barua hiyohiyo Jefferson anatetea utumwa usambazwe kwenye maeneo mapya, akidai kwamba watumwa wakitawanyika wangepata nafuu zaidi na kuwaacha huru kungekuwa rahisi. Hiyo ndiyo barua ya faragha tunayoambiwa ina moyo wa kweli. Basi na tuusome moyo wote, tusichague mistari.

Sasa nijibu hoja za upande wa pili, maana mjadala bila kusikilizana ni kelele.

Wanasema: Jefferson alikwisha kusema hadharani alipokuwa kijana. Ni kweli. Mwaka 1784 alipendekeza utumwa upigwe marufuku katika maeneo ya magharibi, na pendekezo likaanguka kwa tofauti ndogo sana. Katika kitabu chake kuhusu Virginia aliulaani utumwa, ingawa humohumo aliandika mambo ya kuwadhalilisha watu weusi ambayo sitayarudia. Akiwa rais alitia sahihi sheria ya mwaka 1807 iliyokataza kuingiza watumwa kutoka nje kuanzia 1808. Yeye mwenyewe alitumia utetezi huu. Mei 1826, katika mojawapo ya barua zake za mwisho, alimjibu James Heaton kwamba msimamo wake ulikuwa mbele ya umma kwa miaka 40, na hakuona haja ya kuurudia. Lakini huo si utetezi wa mstaafu. Ni utetezi wa kijana aliyekuwa zamani. Aliyesema kweli akiwa na miaka 41 hajapata ruhusa ya kunyamaza akiwa na 71. Kinyume chake, amejiwekea deni.

Wanasema: barua za mtu ni zake, na kuzianika ni hatari. Hili nalo lina ukweli. Mwaka 1823 barua ambazo Adams, akiwa mstaafu, alimwandikia rafiki yake Cunningham zilichapishwa na mtoto wa Cunningham, kinyume cha ahadi kwamba zisitolewe Adams akiwa hai. Ndani yake mlikuwa na maneno makali dhidi ya Jefferson, na zilitolewa kwa kusudi la kuuharibu uchaguzi wa mwana wa Adams. Jefferson alimwandikia rafiki yake mara moja kumwambia kwamba hatakubali urafiki wao uharibiwe na jambo hilo. Alifanya jambo la kiungwana na namsifu. Ugomvi wa marafiki, magonjwa, misiba, mambo ya ndoa: haya yana haki ya faragha, na kiongozi mstaafu ni binadamu kama sisi. Lakini utumwa haukuwa siri ya nyumbani kwa Jefferson. Maoni yake kuhusu uhuru wa watu aliowamiliki hayakuwa mali yake binafsi, kwa sababu nao pia walikuwa na sehemu katika jambo hilo, tena sehemu kubwa kuliko yake.

Wanasema: sheria na madeni vilimfunga. Sheria ya Virginia ya mwaka 1806 ilimtaka mtu aliyeachwa huru aondoke jimboni ndani ya miezi 12 asipopata ruhusa. Na madeni ya Jefferson alipofariki yalizidi dola 100,000, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Lakini sheria haikumzuia kuandika makala moja gazetini yenye jina lake. Deni halikumzuia kutoa neno moja la hadharani kumuunga mkono Coles. Wino alikuwa nao. Posta ilikuwa bure.

Tena, alipotaka kusikika hadharani alijua njia. Tarehe 24 Juni 1826, siku kumi kabla ya kufa, alimwandikia Roger Weightman, meya wa Washington, kuomba radhi kwamba ugonjwa ungemzuia kuhudhuria sherehe ya miaka 50 ya uhuru. Barua hiyo ilikusudiwa kusomwa na watu, nayo ilichapishwa. Ndani yake anasema kwamba binadamu hawakuzaliwa na matandiko mgongoni ili wachache wenye viatu vya kupandia farasi wawapande. Maneno matukufu. Utumwa wa nchini mwake hautajwi hata mara moja. Hii ndiyo hukumu yangu juu ya barua zake: ya hadharani inazungumzia uhuru bila watumwa, na za faragha zinazungumzia watumwa bila uhuru.

Wenyewe walikuwa wapi wakati huo? Walikuwa palepale. Katika maisha yake yote Jefferson alimiliki zaidi ya watu 600, na baadhi yao wamo ndani ya barua zake za uzeeni. John Hemmings, fundi seremala hodari, alimwandikia kuhusu maendeleo ya kazi kwenye nyumba yake ya pili, Poplar Forest. Novemba 1818 mwanamke aitwaye Hannah, mtumwa wa hukohuko Poplar Forest, alimwandikia kumpa habari za nyumba na kumwonea huruma kwa kuugua. Kwa hiyo asitokee mtu wa kusema kwamba hawakuwa na uwezo wa kusoma aliyoyaandika juu yao.

Na yupo aliyesikia kwa masikio yake. Israel Jefferson, aliyekuwa mtumwa Monticello na baadaye akapata uhuru na kuhamia Ohio, alisimulia maisha yake gazetini mwaka 1873. Alikumbuka siku Lafayette, shujaa wa Ufaransa, alipomtembelea Jefferson mwaka 1824, na wakazungumza ndani ya gari la farasi alilokuwa akiliendesha yeye. Lafayette alisema watumwa waachwe huru. Jefferson alijibu kwamba wakati utafika, lakini hakusema lini wala vipi. Akaongeza kwamba aliona si vibaya watumwa wafundishwe kusoma maandishi ya chapa, ila wasifundishwe kuandika, kwa kuwa wakijua kuandika wangeghushi hati na isingewezekana tena kuwatawala. Hebu tulisikie vizuri neno hili sisi tunaosomea lugha. Mwandishi mkubwa wa barua wa zama zake alijua kalamu inafanya nini mkononi mwa mtu. Ndiyo maana aliona heri ibaki mkononi mwake.

Wosia wake uliwaachia uhuru wanaume watano, wote wa ukoo wa Hemings. Januari 1827, miezi sita baada ya barua kwa Weightman, mnada ulifanyika Monticello, na watu 130 wakatangazwa kuuzwa. Joseph Fossett, mhunzi, alikuwa mmoja wa watano walioandikwa kwenye wosia. Mkewe na watoto wake hawakuandikwa. Walipigwa mnada.

Kwa nini mambo haya ya mbali yananichoma? Nitasema ukweli. Babu yangu alikuwa mkuu wa gombolola hapa Uganda kabla sijazaliwa. Alipofariki, baba yangu alifungua sanduku lake akakuta barua aliyoanza kumwandikia ndugu yake na kuibakiza. Ndani yake babu alikiri kwamba sehemu ya shamba la mjane jirani yetu ilichukuliwa kwa hati yenye sahihi yake, na kwamba alijua wakati ule kwamba si haki. Aliandika kwamba jambo hilo lilimnyima usingizi. Baba alinisomea kwa fahari: unaona, babu yako alikuwa mtu wa haki. Mimi nilikuwa nikiwaza kwamba yule mjane aliishi miaka 11 baada ya babu kustaafu. Kutoka mlangoni kwetu hadi kwake si hatua 300. Babu alimsalimia kila asubuhi, na kwenye kikao cha kijiji hakusema neno. Mwanawe mkubwa leo analima kwa kukodi ardhi. Ile barua haikumrudishia hata upana wa jembe.

Nampenda babu yangu. Sisemi kwamba majuto yake yalikuwa ya uongo. Nasema kwamba majuto yaliyofungiwa sandukuni ni ya mwenye sanduku. Na sisi wajukuu tukiyatoa na kuyabusu, tunawafundisha wazee wengine kwamba yatosha kuandika na kufungia.

Mtu asiniambie kwamba mstaafu hana njia nyingine. Sisi wasomaji wa Kiswahili tuna mfano wa karibu. Mwalimu Nyerere aliacha urais mwaka 1985 na uenyekiti wa chama mwaka 1990. Alipoona serikali na chama chake mwenyewe vinaelekea kukubali hoja ya Serikali ya Tanganyika, hakuishia kunong'ona. Aliandika kitabu, Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, akawakosoa viongozi wa juu wa wakati ule, na kukichapisha akiwa hai, kwa Kiswahili ambacho mwananchi wa kawaida aliweza kukisoma. Unaweza kupinga hoja yake, na wapo wengi walioipinga. Lakini waliweza kumpinga kwa sababu aliisema mbele yao, na aliowakosoa walikuwepo kumjibu. Huo ndio ukweli wa mstaafu anayejua kwamba heshima aliyobakiwa nayo ni ya kutumia.

Basi mwenzangu, turudi darasani. Sikatai tusome barua za Jefferson. Nataka tuzisome zote, pamoja na za Coles na za Hannah, na tusimuweke mwandishi kwenye kiti cha heshima kabla hatujauliza maswali. Alimwandikia nani? Nani mwingine alistahili kuambiwa lakini hakuambiwa? Na neno lake lilimgharimu nini siku alipoliandika? Barua ya kwa Coles, kwa maswali hayo, haimpi Jefferson chochote. Aliambiwa kijana mmoja, wenye haki hawakuambiwa, na haikumgharimu hata nauli ya posta.

Siku nyingine ukisimama kumsifu mzee kwa ukweli tulioukuta kwenye makaratasi yake, sitakukatiza. Nitasubiri umalize, kisha nitakuuliza ni nani aliyekuwa akiusubiri ukweli huo mzee alipokuwa hai.